Fimbo Iliyotoka Jasho

Nchelenge, Jumapili, jua bado halijazama

Kasuba mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko chumbani anakunja blanketi lako kwa mara ya tatu. Mambo ya blanketi, ya unga, ya kutojibizana na makondakta pale stendi ya Kitwe, yote amekwisha kukuambia, sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu hujazaliwa, na sitaki upande basi kesho kabla hujalijua.

Naandika kwa Kiswahili cha shule, kile nilichofundishwa Pweto nikiwa mtoto, ng'ambo ya ziwa. Kibemba changu ni cha sokoni, na Kiingereza chenu hakinitoshi. Tena Kiswahili ndiyo lugha niliyoongea na baba yako. Habari zake zinafaa kukufikia kwa lugha hiyo.

Mwezi uliopita ulipanda juu ya dari ya karakana kutafuta sanduku. Mimi nilikuwa napiga randa, sikukutazama. Ukashuka na kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia, ukakifungua, ukasema, "Baba, hii fimbo inanishika!" Ulikuwa unacheka. Nilipogeuka nilikuona umeishika fimbo ya snuka kwa mkono wa kushoto, nyuma kabisa, kidole gumba kimelala juu yake. Hakuna mtu aliyekufundisha kushika hivyo. Ulipotaka kuiweka chini, ngozi ya kiganja chako ilivutika nayo kidogo kabla haijakuachia, na wewe ukaacha kucheka.

Ukaniuliza ya nani. Nikasema ya baba yako Mukalay. Ukaomba kwenda nayo Kitwe, kwa sababu umesikia kuna mahali wasichana wanacheza. Nikakujibu kwamba lazima niisafishe kwanza. Hivyo nikajipatia mwezi mwingine wa kunyamaza.

Unajua Mukalay ndiye aliyekuzaa, na mimi, mdogo wake, ndiye niliyekulea. Hilo hatukukuficha. Unajua alipotelea ziwani akitoka Kilwa, kisiwa cha ziwa letu hili. Na unajua, maana nimelisema mbele yako mara nyingi, kwamba safari ile sikwenda naye kwa sababu nilikuwa na malaria.

Sikuwa na malaria.

Baba yako alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyonuka samaki hata siku ya kwenda kanisani. Alinunua samaki wakavu kisiwani Kilwa, akawauza kwa wachuuzi hapa jirani, Kashikishi. Alikuwa na boti ya mbao na mota kuukuu yenye tabia yake: ukiivuta kamba inakohoa mara tatu, inanyamaza kama mtu anayefikiri, ndipo inawaka. Boti ilivuja upande wa nyuma, kwa hiyo ilitaka watu wawili, mmoja wa kushika mota na mwingine wa kuchota maji kwa kopo. Mchota maji nilikuwa mimi.

Siku ambazo hakuwa majini alicheza snuka. Meza ilikuwa moja, kwenye baa ya karibu na soko la samaki, kitambaa chake kimechanika na kushonwa kama suruali ya mvuvi. Wengine walitumia fimbo za baa, zilizopinda. Yeye alikuwa na yake, ya mti mweupe wa nchi za mbali, aliyopewa na mzee mmoja wa Mansa ambaye macho yalikuwa yamemwacha. Hakuipaka chochote. Aliifuta kwa pindo la shati, basi. Pale aliposhika, kwa mkono wake wa kushoto, palikuwa pamekuwa peusi kwa jasho na mafuta ya samaki, naye alipapenda hivyo. Alipoinama juu ya meza, baa yote ilinyamaza. Mimi nilisimama ukutani. Watu waliniita "mdogo wa Mukalay". Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sijui kama yupo pale aliyejua jina langu.

Nilimpenda, Kasuba. Nataka uelewe hilo, kwa sababu mtu akisikia habari kama hizi hufikiri palikuwa na chuki. Hapakuwa na chuki. Palikuwa na hamu tu, hamu ya kuinama mara moja juu ya meza ile na watu wakaninyamazia mimi.

Wiki moja mwenye baa akatangaza mashindano ya Jumamosi. Alhamisi baba yako akaniambia, "Kesho njo tunaenda Kilwa, Monga. Tutarudi Jumapili, kama upepo inatuachia."

"Na mashindano, yaya?" Yaya ndivyo nilivyomwita, kaka mkubwa; na "njo" ya kwetu ni "ndiyo" ya shule.

"Mashindano haitakimbia. Samaki njo itaoza."

Ijumaa asubuhi sikuamka. Nilijifunika mpaka kichwani nikaanza kutetemeka. Kutetemeka si kazi ngumu. Unaanza kwa makusudi, halafu mwili unaendelea wenyewe. Nilipotaka kupumzika kidogo nikakuta siwezi kuacha, na hilo liliniogopesha.

"Nini weye?" akauliza.

"Homa, yaya."

Akamwita mama yako. Alikuwa na mimba yako, bado changa. "Mugusa kichwa," akamwambia. "Mi mikono yangu haisikii kitu."

Mama yako akainama, akaniwekea mgongo wa mkono kwenye kipaji cha uso. Nilifumba macho nikingoja kuumbuliwa. Mkono ulikaa pale muda mrefu kuliko mkono unavyohitaji kukaa. Kisha akasema, "Anawaka moto."

Nilishangaa. Kwa kitambo kidogo niliamini kweli naumwa.

Mukalay alisimama mlangoni. Halafu akavua koti lake akanitandikia juu ya blanketi. "Alor, basi, lala. Mi nitashika na nitachota." Akanyoosha kidole ukutani, ilikotundikwa fimbo. "Ile unichungie. Na usiipake kitu." Akatoka. Nikasikia mota inakohoa mara tatu, inanyamaza, inawaka. Nikangoja mpaka sauti yake ikawa ndogo kama ya nzi ndani ya chupa. Mama yako alipokwenda sokoni, nikaamka.

Nilitaka ile fimbo iwe yangu kwa siku moja, na kitu kikiwa chako unataka king'ae. Kulikuwa na kopo la vanishi ya boti, nikaipaka fimbo yote kuanzia mwisho mpaka karibu na ncha, nzito, juu ya ule weusi wa mikono yake. Kwa haraka sikuifuta kwanza, wala sikuipiga msasa, ingawa useremala nilikuwa nimekwisha kujifunza. Nikaitundika tena, nikarudi kulala chini ya koti lake ili mama yako anikute mgonjwa.

Jumamosi nikasema homa imeshuka, nikaenda baa. Vanishi ilikuwa haijakauka vizuri, nikafikiri itakauka mkononi. Nilishinda mchezo wa kwanza na wa pili, na kweli, mwanangu, watu waliniita Monga. Mchezo wa mwisho ulifika saa kumi. Ulikuwa umebaki mpira mweusi peke yake, karibu na shimo, mpira ambao hata wewe ungeutia. Niliinama. Baa ikanyamaza. Nikasukuma fimbo, na fimbo haikwenda. Ilinishika hapa, kati ya kidole gumba na kinachofuata, na mahali hapo pakawa na joto. Halikuwa joto la kuunguza. Lilikuwa joto la ngozi ya mtu. Ncha ikakwaruza kitambaa, mpira ukaenda unakotaka. Watu wakaangua kicheko, na nje upepo ulikuwa umeanza kugonga mabati.

Jumapili wavuvi waliiona boti imepinduka kwenye matete, mota bado imefungwa nyuma yake. Baba yako hatukumpata. Wazee walisema ziwa humrudisha mtu siku ya tatu. Tulikaa ufukweni mpaka ya tisa.

Msibani watu walinishika mikono. Mama mmoja wa kanisa alinikumbatia akasema, "Homa ya siku moja! Mungu mwenyewe njo aliituma, ikuokoe." Wengine wakaitikia. Nikasema amina. Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwangu, akaniangalia, na yeye akasema amina.

Baada ya arobaini wachezaji wakaiomba ile fimbo ikae baa, iwe ukumbusho. Nikaipeleka. Hapo ndipo ilipoanza kusemwa. Haikukauka. Jua lilikuwa kali, kila kitu Nchelenge kilikuwa kinapasuka kwa ukavu, na fimbo ile ilibaki mbichi. Mbu na vumbi viliganda juu yake. Ukiifuta asubuhi, mchana imelowa tena pale nyuma, mahali pa mkono. Na ule ulowevu ulikuwa na umbo: vidole vinne upande mmoja na gumba juu, vikubwa kuliko vyangu, vya mkono wa kushoto. Watu walicheza nayo mmoja mmoja, kwa heshima, kisha wakaacha. Ba Chama, mzee aliyekuwa akihesabu mabao, ndiye aliyekuwa wa mwisho. Aliishika, akaiweka chini polepole, akafuta kiganja kwenye suruali.

"Iko na homa," akasema. "Hii fimbo iko na homa."

Hakuna aliyecheka. Nami nilikuwa fundi seremala tayari, najua kwa nini vanishi haikauki juu ya mti wenye mafuta. Ningeweza kuwaeleza pale pale, wakatulia. Lakini wangeuliza, uliipaka lini, Monga? Nikaichukua nikaondoka nayo.

Miezi miwili baadaye nilivuka kwenda Kilwa kwa boti ya mchuuzi mmoja, kuchukua magunia ya baba yako yaliyobaki huko. Tulipofika, watu wa ufukweni waliacha kuongea. Mama mmoja aliyekuwa anageuza samaki juani, jina lake Mama Odeta, alinitazama miguu kwanza, kama anahakikisha inagusa mchanga. Ndipo akanitazama uso.

"Weye si yeye," akasema.

"Mi ni mudogo yake."

"Ule wa homa?"

Akanisogelea.

"Tulimukataza, baba. Jumamosi ile ziwa ilikuwa nyeusi, bavuvi bote balikuwa bamevuta mitumbwi. Alikuwa alale hapa mpaka Jumapili, njo alikuwa amesema. Asubuhi akaanza kutembea-tembea. Akasema, 'Mudogo yangu anawaka moto, muke yangu iko na mimba, nani atamufikisha ku hospitali?' Nikamupa vidonge vyangu vya malaria. Akavifunga mu plastiki, akavitia mu mufuko ya shati. Akaenda yeye peke." Akanishika mkono, akaupima joto kwa vidole vyake. "Lakini ulipona?"

"Nilipona," nikasema.

Kasuba, nimesema maneno mengi mabaya maishani mwangu. Nimemtukana mteja, nimemkana rafiki. Lile neno moja ndilo linaloniamsha. Mama yule alikuwa amefurahi. Alikuwa amengoja miezi miwili kujua kama mgonjwa alipona, na mimi nikampa furaha ya uongo juu ya kifo cha kaka yangu.

Nilirudi nikiwa na nia ya kuitupa fimbo ziwani. Nilifika nayo majini mpaka magotini. Nikainua mkono, na sikuweza kuifungua ngumi. Sijui kama ilikuwa gundi ya vanishi au mimi mwenyewe. Nilisimama pale mpaka wanawake waliokuwa wanafua wakaanza kukusanya nguo zao na kuondoka, bila kunisalimu. Nikaifunga kwa gunia, nikaipandisha darini.

Ukazaliwa wewe. Wazee walitaka nimrithi mama yako, akakataa. Aliniambia mbele yao, "Utakuwa baba ya mutoto. Mimi nitakuwa dada yako." Ndivyo tulivyoishi, nyumba mbili, uwanja mmoja. Nilikutengenezea kitanda, meza ya kusomea, kila kitu ambacho mikono inaweza kutengeneza. Ulipokuwa na miaka sita ulipanda mtumbwi na wenzako, ukaenda hatua kama ishirini tu kutoka ufukweni. Unakumbuka nilivyokuchapa. Nilikuchapa mpaka watu wakanitoa juu yako. Tangu siku hiyo hukugusa maji, na leo una miaka kumi na tisa, umezaliwa kando ya ziwa na hujui kuogelea. Nilikuwa nawaambia watu kwamba nakulinda. Nilikuwa najilinda mimi, nisiliangalie ziwa likiwa na wewe ndani yake. Huko Kitwe wakikuambia kuna mahali pa kujifunza, nenda. Hilo ni kosa langu ambalo bado linarekebishika.

Basi, Jumatatu iliyopita niliiweka fimbo juu ya meza ya kazi. Nilianza na kitambaa cha maji ya sabuni, nimekikamua mpaka kinakaribia kukauka, kwa sababu mti mwembamba ukinywa maji unapinda. Kikatoka cheusi, kimejaa vumbi, mbawa za mbu na nyuzi za gunia. Kisha nikachukua spiriti kidogo kwenye tambara na kusugua sehemu fupi fupi. Vanishi ya miaka ishirini ikaanza kulainika na kutoka kama asali iliyoharibika. Siku ya kwanza nilimaliza nusu. Nikaiacha imekauka kabisa, nikafunga mlango. Jumanne nilipoishika ilikuwa imelowa tena, na ilikuwa na joto, na karakana ilikuwa na baridi ya asubuhi mpaka pumzi yangu naiona.

Sikukimbia. Nimezeeka kiasi cha kutokimbia. Nikasema kwa sauti, "Yaya, naisafisha." Nikaendelea.

Jumatano nilimaliza spiriti. Alhamisi nikapiga msasa laini kabisa, kwa kufuata njia ya mti, kamwe si kwa kuikata njia hiyo, na kwa mkono mwepesi, maana fimbo ukiipunguza upande mmoja haitakwenda sawa tena. Mti ukafunguka. Ulikuwa mweupe bado, wenye mistari kama ncha za mishale inayofuatana. Lakini pale nyuma, pa mkono wake, weusi ulikuwa umeingia ndani. Ningeutoa ningekuwa natoa mti wenyewe. Vidole vinne na gumba. Nimeviacha. Ijumaa nikapaka mafuta ya kitani, tone moja tone moja, nikisugua kwa kiganja mpaka mafuta yaishe machoni.

Jana mama yako akaja karakana. Haji huko mara nyingi. Aliitazama fimbo imelala kwenye misumari miwili.

"Imekauka?"

"Imekauka."

Akaweka mgongo wa mkono juu yake. Alikaa nao pale muda mrefu. Niliuona mkono ule, na nikakumbuka mkono ule.

"Iko baridi," akasema. Halafu akakaa juu ya mbao na kunitazama. "Na weye siku ile ulikuwa baridi, Monga. Baridi kama samaki ya asubuhi."

Randa ilikuwa mkononi mwangu, nikaiweka chini.

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikasema unawaka moto. Nilifikiri akisikia mudogo yake anaugua sana, hataenda. Nilikuwa na mimba, nilikuwa naota maji kila siku. Nikasema, nitamukamata na homa ya Monga, atabaki nyumbani." Alikuwa anaongea bila kulia, kama mtu anayesoma. "Akaenda. Na huko njo ile homa yangu ilimurudisha. Mama Odeta alikuja hapa kuuza samaki, mwaka ule alizaliwa mutoto. Akanielezea yote. Nikamupa chai."

Miaka yote hiyo, Kasuba. Mimi nilidhani nimemdanganya yeye, na yeye alidhani amenidanganya mimi. Tulikula sahani moja, tukakupeleka shule, tukasali benchi moja, kila mmoja amekaa na nusu yake, akiogopa mwenzake asiione.

Kisha nikamuuliza jambo ambalo sijawahi kumuuliza mtu. "Ile mota. Unaisikiaga?"

Akanitazama haraka. "Jumamosi," akasema. "Saa kumi."

"Inakohoa mara tatu."

"Na haiwaki."

Jana ilikuwa Jumamosi. Tulikaa tu, mlango wazi, na ziwa likionekana kati ya nyumba za majirani. Ikaja. Mara tatu, kutoka upande wa Kilwa, karibu kuliko ninavyoisikia siku zote. Mama yako akanishika mkono. Tulingoja. Inaweza kuwa mota ya mtu mwingine, boti ni nyingi siku hizi. Lakini haikuwaka, na hatukuona boti.

Sijui nikuambie nini juu ya hayo. Sikuandiki nikufundishe usiseme uongo. Utasema, kila mtu husema. Nimejua kitu kimoja tu, na nimekijua kwa gharama. Ukimdanganya mtu asiyekupenda, atakuacha na uongo wako na kwenda zake. Ukimdanganya anayekupenda, ataubeba kama kweli. Atavuka nao ziwa. Na wewe utakuwa umelala, hujui hata kwamba amekwisha ondoka ufukweni.

Tena, ukikosea, usingoje mpaka upate mdomo mzuri wa kusema. Mimi niliungoja. Haukuja. Hii hapa ni kalamu ya seremala, imechongwa kwa kisu.

Nimeiviringisha fimbo kwa shuka safi. Iko juu ya kitanda chako pamoja na barua hii. Si lazima uichukue. Ukiichukua, usiipake vanishi, ifute kwa kitambaa kikavu, na mafuta kidogo mara moja kwa mwaka. Nataka usome hapa, si ndani ya basi, ndiyo maana nimewahi kumaliza kabla kwaya haijakuachia. Mimi niko karakana. Ukija na hasira, njoo nayo yote, usiipunguze kwa ajili yangu. Usipokuja, nitaelewa, na kesho mama yako peke yake atakufikisha kwenye basi.

Mama yako amezisoma kurasa hizi zote, amesimama, miwani puani. Amekata sentensi moja tu, ile niliyomalizia nayo, kwamba baba yako alikufa kwa sababu yangu. Ameomba kalamu aandike yake. Nimemwachia nafasi hapa chini, baada ya jina langu.

Mimi Monga, unayeniita Baba

Alikuwa anarudi kwetu, mutoto yangu. Kwetu bote batatu.